Macho ya Binti Pale Dumila

Wiki iliyopita nilikuwa stendi ya Dumila, nikitoka Kilosa kwenye kaburi la mume wangu. Mbele yangu, dirishani kwa mzee mkata tiketi, alisimama binti wa sekondari na shangazi yake. Binti alikuwa na kifaa nyuma ya sikio, na waya wake umeshika kichwani. Alizaliwa kiziwi, akapandikizwa kifaa hicho ili asikie.

"Shikamoo, babu. Basi la Morogoro linaondokea wapi?"

"Marahaba," mzee alijibu, akakunja uso. "Mbona unanikodolea macho hivyo? Binti mwenye adabu huangalia chini."

Shangazi akamvuta mkono. "Inamisha uso, unatuaibisha."

Binti hakuinamisha. Aligusa kifaa chake. "Babu, hapa wapiga debe ni wengi. Nimekiweka kwenye mpangilio wa kelele. Kinapunguza sauti za pembeni, kinafuata ya mtu ninayemtazama. Nikiangalia chini maneno yako yatanipotea, na basi litaniacha."

"Kwa hiyo utanitazama mpaka lini?"

"Mpaka unijibu, babu."

Watu wakacheka. Mzee akajibu polepole, uso kwa uso, kwamba basi limehamia ng'ambo ya barabara. Binti akashukuru, bado anamtazama, kisha wakaondoka mbio.

Mama mmoja nyuma yangu akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi wameharibika. Mimi nasali kila siku, na sijasikia popote kwamba Mungu aliiweka heshima kwenye kope. Tuliomba watoto hawa wasikie. Sasa wanasikia, nasi tunawaamuru waangalie chini? Hapana. Mwacheni atazame.