Miaka Saba Yenye Jina la Ubatizo

Nilirudi Kalemie kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na karatasi mbili: diploma ya ufundi niliyoipata misheni kabla ya kuondoka, na cheti cha kazi cha miaka saba. Wenzangu walisomeshwa na baba zao. Mimi minerval, ile ada ya shule, nilijilipia kwa kubeba magunia bandarini. Kigoma niliingia karakana ya boti nikiwa mfagiaji, nikatoka fundi mkuu. Mashine ikikohoa, nilijua ugonjwa wake kabla sijavua shati.

Serikali, ambayo nikiwa ng'ambo ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, ilitafuta fundi wa boti zake. Fomu iliuliza kazi nilizofanya zamani. Nilijaza mistari yote, nikaendelea pembeni.

Aliyepokea dosie, yaani faili langu, alikuwa mkubwa wa karakana ya boti hizo. Alikiinua cheti changu kwa vidole viwili, akaniita raia kwa Kifaransa, kama Serikali ilivyoagiza.

"Sitwayeni, hii karatasi ni ya muntu mwingine."

"Muntu gani mwingine? Njo mimi."

"Hapa kuna jina la ubatizo. Kadi yako iko na jina la babu yako."

"Na nani alikataza majina ya ubatizo? Mimi ao ninyi?"

Mama aliyekuwa akipiga taipu aliacha kazi, akacheka. "Papa, andika tu 'hakuna'. Njaa haisomi majina."

Diploma yangu ilikuwa na jina lilelile la ubatizo, na waliipokea bila neno! Cheti ndicho kilichowauma. Miaka saba ingeniweka daraja la juu kuliko mkubwa yule, ambaye mwenyewe alikuwa na miaka mitatu, na hiyo mitatu aliipitisha kitini.

Alinisogezea fomu nyingine, tupu. Nyumbani nilikuwa na watoto wanne, na mke wangu alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, za watu ili tule. Niliandika "hakuna". Sijaandika uongo mwingine maishani mwangu, na huo niliandikishwa na Serikali. Nikaanzia chini kabisa, nikipanguza spana za mtu asiyejua kuzishika.

Mwezi wa tatu, boti ya komisari wa zone, mkuu wa wilaya yetu, ilikataa kuwaka. Komisari na wageni wake kutoka Kinshasa walisimama gatini, suti zao za abakosti zimelowa jasho. Mkubwa wangu alifungua hiki, akafunga kile, akapiga nyundo. Mwisho akaniita.

"Ingia, uangalie."

"Papa, mimi sijui mashine. Soma dosie yangu."

"Hii si wakati ya mchezo!"

"Mchezo gani? Sijafanya kazi popote. Njo ulivyoniandikisha."

Komisari akauliza ninasema nini. Nilimweleza yote kwa sauti, wageni wakisikia: cheti, jina, fomu tupu. Alimgeukia mkubwa wangu.

"Muandikie muntu miaka yake, tuondoke."

Akaandika palepale, karatasi juu ya goti: fundi wa mashine za boti, miaka saba. Nilisoma mara mbili. Kutoka gatini nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba chujio la mafuta limeziba, kazi ya dakika kumi. Nikamrudishia karatasi.

"Haina muhuri."

"Muhuri uko biro."

"Basi twende biro. Wageni watangoja."

Tukapanda mlima kwenda ofisini, yeye mbele, mimi nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kuniita nirudi.