Mashine ya Kunyolea ya Mzee Tarumbeta

Watu wa jengo lile walimwita Bi Pasi kwa sababu ya kazi yake. Alipiga pasi mashuka ya mahoteli katika kiwanda cha dobi, na hata siku ya mapumziko usingemkuta na nguo yenye kunyanzi. Hakuwa na mume wala mtoto. Nyumbani alikuwa na baba yake tu. Huyo majirani walimwita Mzee Tarumbeta, maana alipuliza tarumbeta katika bendi ya polisi tangu ujana hadi alipostaafu.

Mzee hakuwa mtu wa makuu, ila kwenye suala la ndevu hakuwa na mchezo. Kule kwenye bendi, mkubwa wao alipita kila asubuhi akikagua vifungo, viatu na videvu, na Mzee Tarumbeta hakuwahi kuambiwa arudi akanyoe. Kiharusi kilipomnyang'anya nguvu za mkono wa kulia, alikubali kukatiwa nyama, alikubali kuvishwa soksi, lakini kidevu chake hakukubali kiachwe kiende hivihivi. Basi kila alfajiri Bi Pasi alimkalisha karibu na dirisha, akamfunga taulo shingoni, akaikoroga sabuni kwa brashi mpaka povu likasimama, kisha akamnyoa kwa mashine yake ya chuma, ile ya kizamani ya kupachika wembe. Alikuwa akimaliza kazi hiyo anakimbilia ya kiwandani huku chai anainywea mlangoni.

Asubuhi moja, alipokuwa akiiosha, mashine ilimponyoka Bi Pasi. Ikaanguka kwenye sakafu ya bafu, kichwa huku, mpini kule. Nyembe madukani zilikuwa tele. Mashine ya kuzipachika ndiyo haikuonekana. Zile za plastiki zilimletea mzee vipele, shingo ikawasha kama iliyopakwa upupu. Kinyozi wa mtaani alipanda ngazi na mashine yake ya umeme, akamaliza upesi. Mzee akajipapasa kidevu, akamshukuru kwa adabu, kisha akamwambia kwamba huko ni kufyeka, siyo kunyoa. Hakuitwa tena.

Ndipo Bi Pasi alipoingia mtandaoni. Akapata duka lililouza mashine ya chuma, brashi mpya na sabuni ya kunyolea ya kopo, akavichagua vyote, akafika kwenye malipo. Malipo yakakwama. Alijaribu tena, yakakwama tena, na wakati huohuo sufuria ikaanza kufurika jikoni. Akaiweka simu kando, akijiambia atamalizia baadaye. Mzee alipouliza kutoka chumbani, alimjibu kwamba vimeshaagizwa.

Haukuwa uongo wa kutamka kwa makusudi. Ulimtoka tu, kama mtu anavyojibu "sijambo" na huku anaumwa. Lakini kesho yake hakumalizia, wala kesho kutwa. Na sababu yake haikuwa malipo, hilo alilijua mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu mzee augue, alikuwa anakunywa chai yake ameketi. Alfajiri zilikuwa zimerefuka. Alijichukia kwa kuzifurahia, na aliendelea kuzifurahia.

Mzee hakuwa mjinga, ila alimwamini bintiye. Aliuliza kila jioni mzigo umefika wapi. Bi Pasi akawa anautungia safari: mara umekwama bandarini, mara gari limeharibika, mara hawa vijana wa kuleta mizigo hawana haraka na cha mtu.

"Hata mimba ina mwisho wake," mzee alisema siku moja, "sembuse brashi."

Bi Pasi alicheka naye, akaenda kuosha vyombo.

Ndevu nazo hazikungoja mtu. Zilimtoka mzee nyeupe, za mabakamabaka, kama majani ya kiwanja kisicho na mwenyewe. Akaacha kukaa dirishani. Kisha akaacha kutoka sebuleni kukiwa na mgeni.

Jumamosi moja mchana akaja swahiba yake wa tangu bendini, mpiga ngoma kubwa, mtu mnene mwenye goti bovu. Alipanda ngazi zote hadi ghorofa ya tatu akipumzika kila kituo. Alikuja kuaga, alisema, kwa kuwa mwanawe anamhamishia kwake, mji wa mbali, na umri wao huu hauna ahadi. Alikuwa amevaa suti. Bi Pasi akamkaribisha kiti, akaenda chumbani kumwita baba yake.

Mzee Tarumbeta alikuwa ameshaisikia sauti. Alikuwa amegeukia ukutani, shuka hadi puani.

"Mwambie nimelala," alinong'ona. "Hanioni hivi. Mtu aliyesimama nami gwaride miaka yote ile, aje anikumbuke na uso huu? Mwambie aje vitu vyangu vikishafika."

"Baba, anahama. Hatakuja tena."

"Basi mwambie nimelala."

Bi Pasi alilinyoosha shuka pale miguuni. Akatoka, akamwambia mgeni kwamba mzee amelala baada ya dawa. Mpiga ngoma aliketi akinywa maji yake, akiutazama mlango wa chumba. Yaelekea alijua. Alipoinuka aliugonga mlango ule kwa vidole, mapigo machache ya taratibu, ya mwendo wa kuanzia gwaride, halafu akaanza kuteremka ngazi. Goti lake lilisikika likilalamika hadi chini.

Jioni ileile Bi Pasi akaagiza vile vitu. Safari hii malipo yalipita mara moja, na akaongeza ya kuharakisha. Mwenye kuchelewa huandamwa na kuchelewa: mzigo ukapelekwa mji mwingine kwa makosa, ukalala ghalani, ukarudishwa. Visingizio vyote alivyokuwa amevitunga vikaanza kutokea kweli, kimoja baada ya kingine, naye hakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Hatimaye mleta mizigo akabisha hodi, dada mmoja aliyevaa kofia ya pikipiki, jasho linamtiririka. Mzee akatoka chumbani akijikongoja kwa fimbo. Hakumpa nafasi hata ya salamu. Alimwambia kwamba kazi ni uaminifu, kwamba yeye alipuliza tarumbeta juani na mvuani na hakuchelewa hata siku moja, kwamba kwa uzembe wao amemkosa rafiki wa maisha yake yote. Alisema hayo bila kupaza sauti, na ndiyo maana yaliuma.

Yule dada akautazama mzigo, akamtazama Bi Pasi. Tarehe ya kuagiza ilikuwa juu ya karatasi ya mzigo, na karatasi ilikuwa mkononi mwa yule dada. Bi Pasi akainamisha uso.

"Nisamehe, baba," mleta mizigo alisema. "Tumechelewa."

Akaondoka. Bi Pasi akamfuata mbio, akamkuta kwenye ngazi za chini. Akamweleza kwa haraka, maneno yakigongana, kwamba kosa ni lake na siyo lao. Yule dada alikuwa anafunga kofia yake.

"Nimeona," alisema. "Mimi nimezoea kusemwa, dada, nikitoka hapa nasemwa kwingine. Lakini mzee wako hakuwa anasema na mimi."

Bi Pasi alipanda ngazi polepole kuliko mpiga ngoma. Akamkuta baba yake ameshakaa dirishani, taulo mkononi, uso umekunjuka kama wa bwana harusi. Akalowesha brashi. Akapachika wembe. Alimnyoa shavu la kushoto lote, na alipofika kidevuni akaishusha mashine.

"Baba, vitu hivi sikuviagiza siku ile niliyokwambia. Niliviagiza siku ile mwenzio alipokuja kuaga." Akaisuuza mashine. "Na siyo kwamba nilisahau. Nilikuwa napumzika."

Povu lilikuwa limemjaa mzee shavu la kulia. Macho yake yalibaki nje, kwenye nguo zilizoanikwa jengo la pili. Alikaa hivyo mpaka povu likaanza kukauka.

"Maliza huku," alisema. "Mtu hawezi kukasirika na nusu uso."

Akamaliza. Akamfuta, akampaka mafuta. Mzee akajipapasa kwa mkono wa kushoto, kidevu chote, na hakusifu wala hakukosoa. Siku nzima hakumsemesha. Jioni alimwomba ampigie rafiki yake simu, na Bi Pasi akamshikia simu sikioni, kwa hiyo alisikia yote.

"Sikuwa nimelala," mzee alisema. "Nilijificha. Nilikuwa na ndevu, nikaona aibu. Ni ujinga wangu mwenyewe, nisamehe." Bintiye hakumtaja kabisa. Upande wa pili mpiga ngoma alicheka, akasema alikuja kuaga mtu, siyo kidevu. Wakazungumza mpaka mkono wa Bi Pasi ukafa ganzi, na hakuthubutu kuubadilisha.

Hawakuonana tena, wale wazee. Safari ilikuwa ndefu kwa goti la mmoja na mkono wa mwingine. Wakabaki na simu za Jumapili.

Baada ya hapo Bi Pasi alianza kuamka mapema kuliko zamani. Alimnyoa mzee kabla hajaota hata kivuli cha ndevu, akamnyoa Jumapili, akamnyoa akiwa na homa, chai hata ya mlangoni akaiacha. Mzee alivumilia, kisha asubuhi moja akaushika mkono wake wenye brashi, akaushusha.

"Unaninyoa kama mfungwa anayefagia yadi," alimwambia. "Kile kilichopotea mashine hii haikirudishi, mwanangu. Na mimi siendi gwaride. Tutanyoa siku moja, tutaacha siku moja."

Alitaka kubishana. Mzee akamnyooshea kidole cha mkono wa kushoto kuelekea jikoni, ambako birika lilikuwa linachemka, na Bi Pasi akaenda. Akajimiminia kikombe, akaketi mezani. Alikaa mpaka akakimaliza, lakini chai haikuwa tamu kama ile ya siku alizodanganya.