Neno Lililotoka kwa Anselmo

Neno "kulaumu" tumelipokea kutoka Kiarabu, walimu wanasema, na sina ugomvi nao. Ila huku kwetu Chang'ombe, mtu akitupiwa kosa lisilo lake anasema, "Usinianselmo!" Neno hilo halikuja na meli. Limezaliwa nyuma ya gereji ya kuchomelea mageti, kwenye karakana ya wachonga mbao, na mwenye jina yupo hai, anakula ugali.

Mzee Anselmo alikuja mjini kutoka Newala akiwa kijana, na patasi tatu kwenye kitambaa. Baba yake alimfundisha kwamba ukiwa na patasi mkononi hujibizani na mtu; hasira inaingia kwenye mbao, mbao inapasuka. Basi akishika patasi asubuhi, mdomo umefungwa mpaka aiweke chini. Na haiweki, labda kwa chakula.

Mtu kama huyo ni zawadi kwa wavivu. Nani kamaliza msasa? Anselmo. Nani kaacha bomba wazi? Anselmo. Aliyeanzisha mchezo ni Venance, msimamizi, mwenye mdomo unaofanya kazi kuliko mikono yake. Vijana wakadaka neno, likatoka getini, likafika kwa akina mama bombani, na sasa watoto wanarushiana neno hilo wakicheza gololi. Mzee mwenyewe alikuwa akilisikia, anatabasamu, anaendelea kugonga.

Mpaka alipoingia Mama Sakarbai wa Kinondoni, kabeba mfuniko wa kasha la harusi ya binti yake Alifiya. Ufa umepita katikati, na ndani yake gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, juu imepakwa rangi ya viatu.

"Nyie mmeniuzia kasha au mmeniuzia kiraka?"

Venance hakuvuta hata pumzi. "Pole sana, mama. Fundi wake yule pale. Mzee Anselmo, leo hii fungasha vyombo vyako, tumechoka!"

Vijana wakaangalia miguu yao. Hapo hapakuwa na utani tena. Mzee wa watu, miaka yote ile kwenye benchi lile, anafukuzwa mbele ya mteja.

Anselmo akamalizia ua alilokuwa akilichonga. Akapuliza vumbi. Kisha akaiweka patasi mezani, taratibu.

"Karibu, mama," alisema. "Kuchonga nilichonga mie. Venance, mbao ilikuwa mbichi, nikakwambia tusubiri. Wewe ukaianika juu ya bati, na ufa ukauziba mwenyewe. Vijana hawa walikushikia ngazi."

Venance akaruka. "Mzee, usinia—"

Akalimeza neno. 

"Usini nini?" Mama Sakarbai akauliza.

Kijana mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaambukiza benchi zima. Yule wa ngazi akasema, "Kweli mama, mie ndiye niliyeshika."

Mama akausukuma mfuniko mbele ya Anselmo. "Nitengenezee mwingine. Wewe. Harusi itasubiri mbao ikauke."

Neno bado tunalo, halina wa kulifuta. Ila siku hizi patasi ya mzee ikiguswa tu na meza, Venance anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje.