Jumamosi ya Barafu Sironga

Julai iliyopita mtu wa ukoo wetu alituma picha kwenye kundi letu la simu. Lilikuwa shamba la majani chai, mahali fulani upande wa Nyamira, limefunikwa weupe kutoka barabarani hadi kwenye ua. Chini ya picha aliandika, "Theluji imefika kwetu!" Basi kukazuka mjadala wa kutwa nzima. Vijana wa Nairobi wakasema dunia imegeuka na sasa tuanze kununua makoti ya Ulaya. Binamu yangu aliyeko Amerika, ambaye huzoa theluji mlangoni kwake kwa sepetu, akawacheka. Mwingine akaleta utabiri wa wiki nzima, na mwenzake akaleta mwingine unaoupinga. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi mabegani, na ulimi wangu umeshakumbuka ladha ya barafu ile, ladha ya moshi wa nyasi za paa na kutu ya bati.

Kama ulikulia kwetu, huhitaji kuelezwa. Kisii na Nyamira hakuna theluji. Kuna mvua ya mawe, na ikiamua kunyesha inaweza kuifanya nchi iwe nyeupe kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini usidhani watu wa simu ndio wa kwanza kubishana juu ya jambo hili. Wazee wetu walibishana vizuri zaidi, tena bila chaji.

Nilizaliwa na kulelewa Sironga, na miaka ninayoisema ni ile ya mwisho wa sitini na kuingia sabini. Baridi ya Julai siku hizo ilikuwa baridi yenye heshima zake. Tulikwenda shule miguu mitupu, na majani ya kando ya njia yalikuwa na umande wa kukufanya uruke ruke. Tulipokuta ng'ombe wa watu wamelala kando ya njia, tuliwaamsha ili tusimame palepale walipokuwa wamelala, tupashe nyayo joto. Nyanya alitupa kila mtu ndizi ya kuchoma, nasi tuliishika mkononi mpaka karibu na kengele ndipo tukaila. Jioni nguo zetu zote zilinuka moshi, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu sote tulinuka sawa.

Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa watatu, na baraza lao lilikuwa kituo cha kununulia majani chai. Tulichuma asubuhi, tukapeleka vikapu alasiri, kisha tukaanza kungoja lori. Lori lilikuwa na tabia zake. Barabara ikiwa na tope, tulingoja mpaka mbuzi wakarudi nyumbani. Katika kungoja huko ndiko mbingu zilikochambuliwa.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu, Mkatoliki mwenye shamba ng'ambo ya kijito. Ujana wake aliumalizia kwa mzungu huko Kinangop, na ndiko alikojifunzia Kiswahili chake. Sisi wengine tuliongea Kigusii, yeye alipenda kupiga Kiswahili hata akizungumza na mbwa. "Mimi nimekanyaga hiyo kitu na mguu," alituambia. "Kinangop asubuhi, majani yote nyeupe, unakanyaga inalia krr, krr. Nyinyi munaona mawe tu munapiga kelele. Siku moja itakuja hapa hiyo yenyewe, ile ya kuanguka pole pole." Sisi watoto tulimwamini kabisa, na kila Julai tuliingoja.

Wa pili alikuwa mwalimu wetu. Alikuwa na kisanduku cheupe chenye miguu nyuma ya darasa, ndani yake kipimajoto, na kando yake chombo cha kupimia mvua ambacho tulikatazwa kukojolea. Mwalimu hakupenda maneno ya Kinangop. Alisema theluji haiwezi kushuka Sironga hata ikialikwa, na akatufundisha kwamba mawe huja siku ambayo asubuhi imekuwa na jua kali, maana joto ndilo huipandisha mvua juu mpaka ikagande. Asubuhi ikiwa ya baridi na ukungu, alisema, lala usingizi.

Wa tatu alikuwa Nyanya. Yeye alisikiliza goti lake la kushoto, akatazama moshi unavyotoka jikoni, akaangalia kuku wanaingia saa ngapi. Mara nyingi alikubaliana na Mwalimu, labda kwa sababu wote wawili walikuwa Waadventista na walisali kanisa moja.

Sasa nikuambie kwa nini maneno hayo hayakuwa mchezo kwa Nyanya. Baba alikuwa amepanda majani chai kila mahali isipokuwa kipande kimoja chini ya nyumba, kuelekea kijitoni. Hicho kilikuwa cha Nyanya, na Nyanya alikipanda wimbi, ile nafaka nyekundu ya uji na ugali wetu. Baba alikitaka. Miche yake ya chai ilikuwa tayari kitaluni, imefunikwa majani ya mmea wa jimbi kuizuia jua. Nyanya alimwambia majani hayaliwi, na Baba akamwambia wimbi yake huliwa na mawe kila mwaka kabla yetu. Ilikuwa kweli, misimu miwili ilikuwa imepigwa. Walibishana mpaka Mama akawa anawagawia chakula kimyakimya. Mwishowe wakakata maneno: mavuno haya yakijaza ghala, kipande ni cha Nyanya maisha yake yote. Yasipojaza, Baba anapanda chai.

Na mwaka ule wimbi ilikubali. Masuke yalijikunja kama vidole vya mtoto aliyeficha kitu, mazito, mekundu, yakangoja kisu tu. Nyanya alikuwa akishuka shambani hata bila kazi, anasimama tu anatazama. Nilikuwa sijawahi kumwona anafurahia kitu namna ile.

Kwetu wanawake walivuna kwa zamu. Kikundi chao kiliitwa egesangio: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, hakuna malipo ila zamu yako kurudishiwa. Zamu ya Nyanya ilikuwa Alhamisi. Lakini Jumatano, pale kituoni, mwanamke mmoja wa kikundi alikuja na kitoto kichanga mgongoni. Wimbi yake ilikuwa imeiva kupita kiasi na mumewe alikuwa mbali, Kericho, kwa kazi. Alimwomba Nyanya wabadilishane zamu.

Nyanya akawageukia wataalamu wenzake. "Mwasemaje juu ya mawingu?"

"Omong'ina, usicheze na hii baridi," akasema jirani. Omong'ina ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima. "Hii baridi iko na barafu ndani ya tumbo. Vuna."

"Baridi hii ndiyo kinga yetu," akasema Mwalimu. "Asubuhi zote wiki hii ni ukungu mtupu. Ukungu ukiendelea, hakuna mawe."

Nyanya akachua goti, goti likanyamaza. Akamwambia yule mwanamke achukue Alhamisi, yeye atavuna Jumapili. Jirani akatikisa kichwa, lori likafika, na mjadala ukaishia hapo.

Ijumaa asubuhi jua lilitoka. Si jua la Julai, bali jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Nyanya na Mama walikata wimbi kadiri walivyoweza mpaka mchana, kisha wakaacha, maana Ijumaa ni siku ya maandalizi: kuteka maji, kuchanja kuni, kupika chakula cha kesho, na jua likizama mikono inakunjwa. Mwalimu alipita jioni njiani, akatazama juu, akatusalimia kwa haraka bila kusimama. Nilijua kuna jambo, kwa sababu Mwalimu hakuwahi kupita bila kusimama.

Jumamosi joto lilikuwa baya zaidi. Tulikuwa tumevaa kwenda kanisani, mimi na gauni langu la kola nyeupe, wakati jirani alipoingia uani na wanawe, kila mmoja na kisu na kikapu.

"Omong'ina, wewe enda kanisa," alisema. "Omba Mungu huko. Sabato si yangu, yangu ni kesho. Mimi na hawa watoto tunakata hii wimbi, saa sita imeisha. Wewe haukunituma, haukuniona."

Wote tulimtazama Nyanya. Ndipo Baba, mtu ambaye angepata shamba lake mawe yakinyesha, akasema, "Mama, mwache avune."

Sijasahau sauti yake. Aliisema chini chini, kama mtu anayeomba kitu chake mwenyewe.

Niliona Nyanya anaitazama njia ya kushuka shambani. "Omogaaka," akamwambia jirani, ndivyo tunavyowaheshimu wanaume wazee, "umenipenda kuliko ndugu. Lakini ukikata katika shamba langu leo, mkono unaokata ni wangu. Rudi nyumbani unywe uji na watoto." Kisha akafunga kitambaa chake kichwani, akatangulia njiani.

Yalianza wakati wa mahubiri. Kwanza jiwe moja juu ya bati, halafu jingine, halafu hatukumsikia tena mhubiri. Mtu akaanzisha wimbo, nasi tukaimba kwa nguvu zote, na bado hatukusikia sauti zetu. Niligeuka nikamtazama Nyanya. Alikuwa anaimba. Alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka, na mdomo unaimba. Mwalimu, kiti cha mbele, alikuwa ameshika kichwa.

Tulipotoka nje, Sironga ilikuwa nyeupe. Sitakudanganya, ilikuwa nzuri. Ukungu mwembamba ulipanda kutoka ardhini, migomba ilikuwa imechanwa kama matambara, na kimya kilikuwa cha ajabu. Watoto wengine walianza kuteleza mteremkoni kwa majani ya migomba wakipiga kelele kwamba theluji imekuja. Mimi nilijaza viganja nikala, nikala tena, mpaka meno yakauma. Nilikuwa na furaha na huzuni kwa wakati mmoja, na sikujua hilo linawezekana.

Nyanya hakushuka shambani. Alikaa mlangoni kwake mchana wote na mikono mapajani, anangoja Sabato iishe. Jua lilipozama aliinuka, akachukua ungo, akateremka. Baba akachukua ungo mwingine akamfuata. Baba hakuwahi kushika ungo maishani mwake. Waliokota mpaka giza likawakataza.

Jumapili, kikundi cha Nyanya kilikuja chote, na yule mwenye kichanga alifika kabla ya wote, hawezi kumtazama mtu usoni. Misa ilipoisha, jirani naye akaja na familia yake, bado wamevaa nguo za kanisani, wakainama topeni pamoja nasi. Mwalimu alikunja suruali. Tuliokota masuke yaliyoanguka, moja moja, tukayaosha kijitoni na kuyaanika juu ya majamvi. "Kinangop hatukuokota," jirani akasema, "huko mzungu alikuwa analima ingine." Nyanya akacheka, na mimi nikapumua.

Ghala halikujaa. Nusu yake tu, labda pungufu. Baba alifungua kifuniko, akachungulia, akafunga. Nyanya mwenyewe alianza kumwonyesha Baba miamba ya kijito na sehemu zenye unyevu, ili ajue pa kuweka miche. Neno lake lilikuwa neno.

Mwaka mpya ulipoingia, Baba aliteremka na jembe kipandeni asubuhi. Alilima siku kadhaa, akavunja mabonge mpaka udongo ukawa laini. Nyanya alitazama kutoka mlangoni, uso wake umejikaza. Tulijua kinachofuata ni miche. Baba alipomaliza alirudi nyumbani akaegemeza jembe ukutani, akamwambia, "Mama, lete mbegu. Nimechoka, sitaki kungoja." Nyanya akaingia ndani, na tukamsikia analia huko ndani peke yake. Alipotoka, alikuwa na kibuyu cha mbegu, ile ile tuliyoiokota topeni.

Mengi yamekwenda. Kile kisanduku cheupe cha shuleni sikijui kilikoishia, na kituo cha majani kimehamishwa. Wale watatu wamelala, kila mmoja kwenye boma lake. Julai ya siku hizi watu wanatembea na mashati ya mikono mifupi. Hakuna mtu anayeamsha ng'ombe ili akanyage joto lake, na sidhani kama kuna mtoto Sironga anayejua suke la wimbi linavyovunwa. Nikiwasikia wanabishana kwenye simu juu ya theluji, ninachotamani si baridi ile. Natamani watu wa kungoja nao lori.

Nyanya alifariki mwaka ambao mimi niliingia sekondari. Baada ya matanga tulijua Baba sasa atapanda chai yake kijitoni, na hakuna ambaye angemlaumu. Msimu ulipofika alichukua kibuyu, akateremka peke yake akamwaga wimbi. Kumbe hakuwahi kujifunza namna ya kuitawanya. Iliota mabaka mabaka, hapa imesongamana, pale udongo mtupu, na wapita njia walisimama wakashangaa. Mama akamwonea huruma. Akamwambia aache kujisumbua, apande majani kama alivyotaka siku zote.

"Siwezi," Baba akajibu. "Lile shamba lina mwenyewe."