Taa ya Nne

Watu wa Sumbawanga wanaomkumbuka Epifania wanamkumbuka kama mwanamke mkali wa chumba cha eksirei, yule aliyemrudisha mlangoni hata daktari mgeni akiingia na mikono mibichi. Ukali huo hakuzaliwa nao. Aliupata mwezi wa Juni mwaka 1975, kwa neno moja ambalo kila Mfipa hulisema bila kufikiri, na neno hilo lilimpokonya kaka yake mkono wa kulia.

Kaka yake aliitwa Gaudensi. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, watoto wa kijiji cha Kaoze. Gaudensi alifundishwa ufundi umeme na wamisionari, akaajiriwa hospitalini mjini, na baada ya miaka miwili akamvuta dada yake aje kufanya kazi ya uhudumu. Hospitali yenyewe nisiitaje, wengine waliokuwapo bado wako hai na hawapendi maneno. Nyumbani walisema Kifipa, kazini Kiswahili, na Kiswahili chao kilikuwa kama chetu sote wa huku juu. Kinafika kinakokwenda, ila hakivai viatu.

Kabla ya kisanduku cha taa kuletwa, Daktari Hamidi alisomea picha za vifua dirishani. Aliishika filamu kwa ncha za vidole, akaielekeza angani na kukunja jicho moja. Jua likiwepo, aliona. Wingu likitanda, na Ufipa wakati wa masika wingu ni mwenyeji, kifua kikuu kilijificha ndani ya ule weusi na mgonjwa aliyepanda milima kutoka Wampembe aliambiwa asubiri jua. Wapo waliosubiri wakafa. Daktari aliandika barua kwa miaka mitatu akiomba kisanduku cha kusomea picha, na siku lori lilipokileta kupitia Mbeya, alikipokea kwa mikono yake mwenyewe kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Kilikuwa sanduku la chuma lenye uso wa kioo cheupe cha maziwa, na nyuma ya kioo taa nne za tyubu zimesimama wima. Daktari, mtu wa Tanga mwenye sauti ya chini, alieleza anavyokitaka. Kisitazamane na dirisha. Kikae usawa wa macho yake. Mgongo wake usigusane na ukuta, iachwe nafasi ya kiganja ili joto lipate pa kutokea. Zaidi ya yote, mwanga uwe sawa kila upande.

"Taa moja ikififia," alisema, "pafu la upande huo litanidanganya. Nitamwambia mtu aliye mzima kuwa ni mgonjwa, au nitamrudisha nyumbani mtu anayekufa."

Maneno hayo Epifania aliyashika. Aliifuta ile sakafu ya saruji kwa maji mengi asubuhi ya siku ya kujaribu taa, maana hakutaka vumbi liguse kioo. Hakuna aliyemwambia kuwa sakafu mbichi na umeme havipikwi chungu kimoja.

Chumba kilikuwa hakijawekewa soketi, kwa hiyo Gaudensi alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye swichi kubwa iliyokuwa nje, ukutani mwa ukumbi. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, aliuacha ukining'inia. "Huu nitaufunga mwisho, tukishajua taa zipi zinafaa," alisema. Fundi mzuri ndiye anayesema hivyo. Fundi mbaya anaogopa, anafunga kila kitu tangu mwanzo. Nimewaona mafundi wengi, na walioumia karibu wote walikuwa wazuri.

Epifania akasimamishwa ukumbini, mkono mmoja kwenye swichi. Mkono wa pili ulikuwa na kazi yake: Ndugu Halfani, mtunza stoo, alitaka orodha ya taa zilizofika salama na zilizoharibika safarini, ili mbovu zirudi na lori lile lile. Alikuwa amempa karatasi na penseli. Daktari akaufunga mlango ili chumba kiwe giza na mwanga upimwe vizuri, kisha akaitwa wodini.

"Washa!" Gaudensi aliita kutoka ndani.

Akawasha.

"Ya kwanza, zima!"

Epifania akaandika: ya kwanza, zima. Kiswahili cha darasani kinataka taa iwe nzima. Ufipa ile herufi ya mbele huanguka njiani, tukasema taa zima, redio zima, baiskeli zima, na hakuna aliyewahi kukosa kueleweka. Yeye na kaka yake walisema hivyo tangu utotoni.

"Ya pili, zima!"

Akaandika.

"Ya tatu, mbovu!"

Akaandika.

"Ya nne..." Hapo Gaudensi akainama kutazama. Taa ya nne ilikuwa haijawaka kabisa, na nyuma yake uzi wa moshi ulianza kupanda. Akaita kwa nguvu, "Zima!"

Epifania akaandika: ya nne, zima. Alifurahi. Tatu kati ya nne, daktari angeridhika.

Ndani, wakati ule ule, waya ulioungua ukakatika na taa zote zikafa. Giza likamjia Gaudensi kama jibu. Alimwomba dada yake azime, na taa zimezimika, sasa angefikiri nini kingine? Alisimama miguu peku kwenye ile saruji mbichi, akapeleka mkono ndani ya sanduku autoe waya unaofuka kabla haujachoma kioo. Umeme ulikuwa bado upo, umejaa tele. Ukamshika na haukumwachia.

Aliita tena, mara mbili, neno lile lile, na sauti ilitoka imevunjika. Dada yake, Mungu amsamehe, alidhani anacheka. Sauti ya tatu haikuwa neno. Hapo ndipo alipoikata swichi na kusukuma mlango.

Siku ya nne madaktari waliukata mkono juu kidogo ya kiwiko. Gaudensi aliishi.

Epifania alirudi nyumbani na ile karatasi kifuani, ndani ya nguo. Hakula. Mama yao aliletwa kutoka kijijini, akakaa chini kando ya kitanda cha mwanawe, akauliza jambo moja tu: "Swichini alikuwa nani?" Gaudensi akajibu kwa Kifipa kwamba swichini hapakuwa na kosa. Mama hakuuliza tena, lakini tangu siku hiyo hakumtazama binti yake usoni, na Epifania alihisi hilo kuliko kama angepigwa.

Baada ya wiki mbili kamati ya wafanyakazi ikakaa. Miaka ile kosa la kazini halikuwa la mtu mmoja, lilikuwa la taifa, na neno "mzembe" likiandikwa kwenye jalada lako lilikufuata mpaka kaburini. Swali lilikuwa moja: je, Fundi Gaudensi ni mzembe? Wakiamua ndivyo, hatagusa tena umeme wa hospitali yoyote, na ufundi ndio kitu pekee alichobaki nacho.

Mwenyekiti alikuwa Ndugu Halfani mwenyewe, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Majengo, nadhifu, aliyejivunia Kiswahili chake kuliko duka la baba yake. Akasoma maelezo ya mgonjwa yaliyochukuliwa kitandani:

"Niliingiza mkono bila kumwambia mtu azime. Pia sikufunga waya wa ethi, na ungekuwa umefungwa, fyuzi ingekatika yenyewe. Kosa ni langu peke yangu."

Halfani akaiweka karatasi mezani. "Nadhani hapana haja ya kurefusha."

Epifania alikuwa ameketi benchi la nyuma. Jambo lilikuwa limekwisha. Kaka yake alikuwa amemfungulia mlango, kilichobaki ni yeye kutoka. Alikuwa na mtoto wa miaka minne nyumbani na mume aliyekwenda Kigoma akanyamaza. Nani angemlaumu? Mimi nisingethubutu. Lakini sehemu ya kwanza ya maelezo yale ilikuwa uongo, na katika watu wote wa chumba kile ni yeye tu aliyejua.

Akasimama. Akatoa ile karatasi, imelainika kwa jasho, akaenda kuiweka mbele ya mwenyekiti.

"Orodha yako, ndugu mwenyekiti. Sikukuletea."

Halfani akaisoma. "Ya nne, zima. Ya nne iliungua, tumeiona sote. Umeandikaje kuwa ni nzima?"

"Kwa sababu aliita. Aliniambia zima. Alikuwa ananiambia nizime, mimi nikaandika."

Halfani alikunja uso kama aliyemeza kitu kichungu. "Nzima! Taa huwa n-zima! Zima ni amri. Haya ni maneno mawili mbalimbali. Kiswahili gani hiki?"

"Kwako ni mawili, ndugu mwenyekiti. Kwetu ni moja."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajikuta peke yake, akaacha. Daktari Hamidi, aliyeketi kando ya meza, akawageukia wahudumu waliojaa mlangoni. "Redio yako ikiwa haijaharibika, unasemaje?" akamwuliza wa kwanza. "Zima," akajibu. Akamwuliza wa pili, naye zima. Mpishi, zima. Mlinzi, zima. Daktari akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mlango niliufunga mimi," alisema. "Nilimweka mtu kwenye swichi asiyeweza kuona, kisha nikampa na kazi ya kuandika. Andika na hilo, ndugu mwenyekiti."

Halfani aliandika. Mtu wa maneno akishindwa na neno hunyamaza, na huo ni uungwana wake. Kamati ikaamua Gaudensi si mzembe. Epifania akapewa onyo la maandishi na kuhamishiwa kwa dobi, akafue mashuka. Alishukuru, akaenda moja kwa moja wodini.

Gaudensi alikuwa ameshapata habari, maana hospitalini habari hutembea kuliko dawa. Alikuwa amekasirika hasa, jambo ambalo Epifania hakulitegemea.

"Nani alikutuma? Mimi nilikuwa nimeshakubeba."

"Utanibeba kwa mkono upi, kaka?"

Neno likishatoka halirudi. Aliliona linavyomwingia, akataka ardhi ipasuke. Gaudensi alitazama kile kipande kilichofungwa bandeji, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Epifania hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoona machozi. Akapanda kitandani kama walivyokuwa wakifanya utotoni wakati wa baridi, akamshika, wakalia wote wawili mbele ya wagonjwa thelathini. Mama alikuwa kwenye mkeka wake pembeni, na sasa alikuwa amesikia yote. Baadaye aliinuka akamletea binti yake uji, akakaa akimtazama akinywa.

Kisanduku kilikaa miezi saba kimefunikwa shuka. Daktari akarudi dirishani, na masika yakaingia. Wagonjwa wa Wampembe wakawa wanasubiri jua tena. Lori lilileta taa mbili mpya, lakini fundi mwingine hakupatikana, kila barua ilijibiwa kwamba subira inahitajika. Gaudensi, aliyekuwa akijifunza kushika bisibisi kwa mkono wa kushoto na kuidondosha mara mia kwa siku, akamwendea daktari akasema atakifunga yeye. Ila atahitaji mtu wa kumsimamia umeme.

Waliojitolea walikuwa wengi. Ndugu Halfani mwenyewe alikuja, amekunja mikono ya shati. Gaudensi akawashukuru wote.

"Mniitie Epifania kwa dobi."

Alikuja na povu mpaka kwenye viwiko. Alipoambiwa anachoitiwa, alirudi nyuma hatua mbili akatikisa kichwa. "Sitaki, kaka. Mchukue mtu mwingine. Nakuomba."

"Kajikaushe mikono."

Aliikausha, akarudi. Gaudensi aliuacha mlango wazi. Sakafu ilikuwa kavu na miguuni alivaa viatu vya mpira. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kabla ya kitu kingine chochote, soketi ilikuwa imewekwa, na waya wa umeme sasa ulikuwa na plagi, inayoweza kuchomolewa na kushikwa mkononi mbele ya macho ya kila mtu. Alimfundisha dada yake maneno mawili, "washa" na "kata", akamwambia neno la tatu halipo.

Kisanduku kikawaka kwanza chote, taa nne sawasawa, nyeupe, na Daktari Hamidi akavuta pumzi ndefu. Kisha ya pili kutoka kushoto ikaanza kucheza. Kulikuwa na waya uliolegea ndani.

"Kata," Gaudensi akasema.

Epifania akachomoa plagi. Taa zikafa. Aliinua plagi juu, akaishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua. Gaudensi hakuitazama plagi, alimtazama yeye.

"Umekata?"

"Nimekata, kaka."

Gaudensi akakunja mkono wa shati kwa meno, akauingiza ndani ya sanduku mkono aliobakiwa nao.