Mabegi Sita Mchangani

Likizo ile tuliipa jina la Shangazi, na nasema mapema ili usije ukatuonea huruma bure: jina lilikuwa lake, likizo ilikuwa yetu. Wiki moja kabla hajakatwa mguu, kaka yangu aliwapigia ndugu wote kuwatangazia kwamba tunampeleka Shangazi baharini. Watu walituombea dua. Binamu mmoja alilia hadi kaka akaiweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Alipokata simu, kaka aliniuliza kama nimeshapanga zamu zetu na mwalimu wa kuteleza kwenye mawimbi.

Shangazi alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ghorofa ya chini kabisa, ambako mabomba yalitoka jasho kuliko watu. Mashuka yaliingia na damu mlango huu, yakatoka yamekunjwa pembe nne mlango ule. Kule walikuwa na utaratibu wao: humwachii mwenzako furushi mpaka aseme kwa sauti, "Nimepokea." Kutikisa kichwa hakuhesabiki. "Sawa" haihesabiki. Aliyeuanzisha utaratibu huo ni Shangazi mwenyewe. Siku moja, akiwa bado mgeni kazini, alimwachia mwenzake furushi la chumba cha upasuaji, mwenzake akatikisa kichwa kutoka mbali, kila mmoja akaamini mwingine analo, na mgonjwa akalazwa juu ya chuma kitupu. Wakubwa walimsimamisha Shangazi mwezi mzima. Aliporudi alirudi na neno lile, akawabana nalo wenzake mpaka wakalizoea, na wao wakampa jina la utani: Nimepokea. Alistaafu wakimwita hivyo, na wengine nadhani hawakuwahi kulijua jina lake jingine.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Hukumwachia mtu mtoto, ufunguo wala sufuria jikoni bila yeye kulisema neno, na ukishalisema, mzigo ni wako. Wali ukiungua ni wewe. Mama yetu alipofariki, Baba alitusimamisha mlangoni kwa Shangazi, mimi na kaka, na gunia moja la nguo. Baba alikuwa na maelezo marefu, kwamba ni kwa muda tu, kwamba anataka kujipanga kwanza. Shangazi hakuyasikiliza. Alinishika mimi bega, akamshika kaka bega, akasema, "Nimepokea." Baba hajajipanga mpaka leo. Kisa hiki tulikuwa tukikisimulia mezani watu wakavunjika mbavu, huku Shangazi akiendelea kutupakulia.

Kisukari kilimpata baada ya kustaafu. Siku moja aliegemeza mguu kwenye pasi ya moto iliyokuwa sakafuni, akaendelea kukunja nguo, na harufu ndiyo iliyomwambia kwamba anaungua. Kidonda kilikataa kupona. Miezi minane baadaye daktari alisema mguu wa kushoto utakatwa chini ya goti, Jumatatu fulani, saa mbili asubuhi. Mimi ndiye niliyempeleka siku hiyo. Daktari alipomaliza kueleza, Shangazi aliuliza swali moja tu: kama anaweza kwanza kuingia baharini na miguu yote miwili. Alikuwa na miaka sitini na saba, na katika maji yote aliyoyashika maishani, ya bahari hayakuwamo.

"Funga kidonda na mfuko wa plastiki usiopitisha maji," daktari akasema. "Ingia mpaka kwenye vifundo, dakika tano. Haitakudhuru."

Nilikuwa nimekaa pale pale pembeni yake. Nilisikia vizuri.

Mji tuliokwenda una mtaa mmoja tu wa maana, unaoteremka moja kwa moja hadi ufukweni. Maduka yote yanauza kitu kimoja: mbao za kutelezea kwenye mawimbi, ndefu, fupi, za sponji za wanaojifunza. Suti nyeusi za mpira zimeanikwa kwenye uzio, mikono ikining'inia, zikidondosha maji barabarani. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, vyote ghorofani. Kaka na wifi walichukua kimoja, watoto wao wawili kimoja, mimi kimoja. Shangazi tulimtandikia kwenye kochi la sebuleni, kwa kuwa ngazi zingemsumbua. Ndivyo tulivyosema. Hakuna aliyesema kwamba mmoja wetu angeweza kulala naye chini.

Asubuhi ya kwanza alikuwa wa kwanza kuvaa. Alikuwa amenunua ndara mpya za buluu, lebo bado imening'inia, na mifuko ya plastiki akaikunja pembe nne ndani ya mkoba wake. Tulimshusha mpaka ufukweni, tukamkalisha kwenye kiti cha kukunja mahali mchanga unapoanzia, mbali na maji. Kisha kila mtu akafanya kile ambacho kila mtu hufanya karibu na Shangazi.

"Shangazi, tuangalizie mara moja."

"Nimepokea," akasema.

Mabegi sita. Simu, funguo za gari, nguo kavu, miwani, vitafunwa vya watoto. Tulirudi baada ya saa tatu, ngozi zimekunjamana, tukamkuta vile vile, mkono mmoja juu ya begi la kaka. Watoto wakamwita Bibi Stoo. Wifi aliwakemea huku akicheka, na kufikia jioni hata kaka alikuwa akiuliza Stoo anakula nini.

Sasa nieleze sababu ya kutomfikisha majini, maana niliulizwa baadaye na binamu yule aliyelia. Sababu ni kwamba Shangazi ni mzito na mchanga ni laini. Kumfikisha majini kulihitaji watu wawili na subira ya robo saa, kwenda na kurudi, na mawimbi mazuri hayakai siku nzima. Basi. Ukitafuta kingine utakuwa unatutafutia heshima.

Siku ya pili alijaribu mwenyewe kulitaja jambo. Alitoa mfuko wa plastiki, akaanza kuufunga mguuni.

"Chumvi na kidonda, Shangazi?" wifi akasema. "Hapana. Sisi tunakupenda, hatuwezi kukuruhusu."

Kaka akanigeukia. "Si wewe ulikwenda naye? Daktari alisemaje?"

Nilikuwa napaka nta kwenye ubao wangu. Sikuinua kichwa. "Alisema awe mwangalifu."

Shangazi alinitazama kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Kisha akaufungua ule mfuko, akaukunja tena. "Ni kweli," akasema. "Alisema niwe mwangalifu."

Hakunifichua. Afadhali angenifichua, ningepata la kumkasirikia.

Siku hiyo hiyo wifi alimpiga picha, amekaa kwenye kiti, mabegi yamemzunguka, bahari iko mgongoni kwake. Akaituma kwa ndugu wote na maneno kwamba Shangazi anaifaidi bahari. Yalirudi mapongezi mpaka simu ikaishiwa chaji. Tulivikwa vilemba vya ukoka na tukavivaa vizuri. Siku ya tatu ilipita, na ya nne. Kila jioni mtu alimwambia, "Kesho, Shangazi," na kila jioni akajibu, "Haya, mwanangu." Alijikaza kisabuni, na sisi tukajitia hamnazo.

Siku ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwalimu wetu wa mawimbi alikuwa mtu mzima, pua imembabuka kwa jua, mpole hata kwa wanafunzi wasiofundishika kama kaka. Inaonekana alikuwa akimwangalia Shangazi siku zote hizo. Asubuhi ile alimfuata akiburuta ubao mkubwa wa sponji, akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mama, shikamoo. Wewe huingii majini?"

"Marahaba. Ningependa."

"Basi kaa juu ya ubao huu, nikuburute mpaka pale maji yanapoishia. Hata kutembea hutatembea."

Shangazi alimwomba arudie. Akarudia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili pembeni, ubao kwapani, na nilimwona akiufunga mguu. Aliufunga kama alivyokuwa akifunga mafurushi: mara mbili, fundo upande, akapitisha kidole kuhakikisha. Ndara za buluu aliziweka kwenye mkoba ili zisilowe. Kisha akasimama, na nikagundua kwamba kwa wiki nzima sikuwa nimemwona amesimama ufukweni.

Akayatazama mabegi. Akanitazama mimi.

"Mwanangu, nipokelee."

Kaka na wifi na watoto walikuwa tayari majini, wakinipungia mkono. Wiki nzima nilikuwa naanguka, na asubuhi ile kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama juu ya ubao, sekunde tatu. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba maji yanaanza kupwa, tuna nusu saa tu kabla mawimbi hayajaharibika.

"Nenda tu, Shangazi," nikasema. "Nayaona."

"Sema umepokea."

"Nani atayaiba? Watu wote wako majini."

"Sema tu, mwanangu. Ni dakika tano."

Mtu mwingine angelisema neno, akaondoka zake. Nalijua hilo. Lakini mimi nililelewa na mwanamke huyu. Neno lile siwezi kulisema nikakimbia, ni kitu pekee alichonifundisha ambacho kilinishika. Nikilisema, nakaa. Na sikutaka kukaa. Kwa hiyo nikacheka.

"Shangazi, hapa si kwa dobi."

Mwalimu naye alicheka kidogo, kwa adabu. Shangazi hakucheka. Nikashuka zangu kuelekea majini.

Niligeuka nyuma mara moja, maji yakiwa yamenifika kiunoni. Shangazi alikuwa bado amesimama, mkono mmoja ameuegemeza kwenye ubao. Mwalimu alikuwa akiyaonyesha mabegi, kisha akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye kibanda cha mbao, na yule mwenzake, kutoka kule mbali, akatikisa kichwa.

Shangazi alikiona kile kichwa kikitikiswa. Akakaa.

Wimbi lilinijia muda huo huo. Nilijilaza, nikapiga makasia kwa mikono, nikasimama, na safari hii sikuanguka. Nililipanda mpaka likafia mchangani. Nimeamua kusema ukweli, basi niseme wote: nilifurahi. Nilipiga kelele ya furaha, na kaka akanipigia makofi, na kwa nusu saa nzima sikumkumbuka mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti.

Tulipotoka, mwalimu alikuwa ameshauchukua ubao wake, ana wanafunzi wengine. Shangazi alikuwa ameufungua ule mfuko na kuukunja. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, kuna mchanga mtupu wa kutosha kuchezea mpira.

"Mabegi yapo yote?" kaka akauliza, akifuta masikio.

"Hesabu."

Kaka akahesabu kwa utani, kwa sauti, akimgusa kichwa kila mtoto kana kwamba nao ni mabegi. "Sita. Stoo haijawahi kupoteza kitu. Lakini umefurahi, Shangazi?"

"Bahari ni kubwa," akasema.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikaa kiti cha nyuma katikati ya watoto, na begi la suti mbichi miguuni, kwa kuwa buti ya gari ilikuwa imejaa. Suti zikamlowesha mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa upande wa pili.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu tena. Kaka alikuwa na kikao. Ilikuwa hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, lakini wauguzi walikuwa wapya, hawamjui, na hakuna aliyemwita Nimepokea. Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Aliishika pembe ya shuka, akaikagua kwa vidole, akaiweka chini. Nilimwambia atapona, nikamwambia kuna miguu ya bandia mizuri siku hizi, nikamwambia mwakani tutarudi kule baharini. Nilikuwa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa na wote wawili tulijua.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji muuguzi akauliza ni nani atabaki na vitu vya mgonjwa.

"Mimi," nikasema.

Vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, mmoja wa ile aliyokuwa ameenda nayo baharini. Gauni, miwani, ndara za buluu, zote mbili, lebo bado imening'inia. Shangazi akaninyooshea. Nikaushika. Hakuuachia.

"Sawa, Shangazi," nikasema.

Alikuwa ameukamata kwa vidole vilevile vilivyokamua mashuka miaka thelathini na moja. Nikavuta kidogo. Haukuja.

"Mama, achia, tunachelewa," muuguzi akasema.

Nikatikisa kichwa, mara mbili, tatu, nikilia, nikidhani machozi yatahesabika. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nimepokea," nikasema.

"Kumbe unalijua," akasema Shangazi, akauachia mfuko, na wauguzi wakamsukuma ndani.