Kijidudu Tulichogawana na Mayu

Nilipozaliwa, wazazi wangu walikuwa wameshafika Kibaoni na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, alinitafunia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, kisha akanilisha kwa kidole. Hata leo nikisikia harufu ya michembe inayochemka, namwona ameinama mbele ya mafiga, mkono mmoja umebana tumbo. Tumbo lilimwaka moto miaka yote. Wengine walisema ni mawazo, wengine pilipili. Yeye alikunywa maziwa akaendelea kupika.

Nilisoma, nikaajiriwa kwenye maabara inayotafuta chanjo ya kijidudu kinachojificha kwenye ngozi ya ndani ya tumbo na kuleta vidonda. Kazi yangu ilikuwa kuwachanja panya, kuwapa kile kijidudu, kisha kuangalia kama kimeshindwa kukaa. Siku moja tulijipima wenyewe ili kujaribu kipimo kipya. Nikakutwa nacho. Mwenzangu akanikumbusha jambo nililolijua kwa kusoma tu: wengi huambukizwa utotoni, nyumbani kwao, pengine kwa mate.

Likizo ilipofika nikashuka treni Mpanda, nikapanda gari mpaka Kibaoni, nikampeleka mayu kupimwa. Naye alikuwa nacho. Jioni, akipeta mchele, akaniuliza kinavyoambukizwa. Nikamweleza polepole kwamba wengi hukipata utotoni nyumbani kwao, nikairuka habari ya mate, lakini mayu hakuwa mtu wa kurukwa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekupa?"

Nikamwambia hakuna anayejua, huenda ni maji ya kisima. Akaendelea kupeta.

"Hukuwa na meno, mwanangu," akasema. "Ningekuacha na njaa?"

Nikasogea nikakaa karibu yake, nikamsaidia kutoa mawe kwenye mchele.

Tulimeza dawa pamoja kwa wiki mbili, midomo michungu, yeye akinihimiza kila asubuhi kama mtoto. Sijawahi kuwa na likizo nzuri kama ile. Maumivu yake yakaisha, akarudi kula maharage bila woga.

Chanjo yetu ilishindwa. Panya waliochanjwa waliambukizwa kama wenzao, tukaanza upya. Mayu hupiga simu kuuliza kama imepatikana, maana ana mjukuu mchanga. Namwambia bado, tunaendelea. Basi ananipa habari za mvua na za majirani, nami namsikiliza mpaka salio lake linakwisha.